Baba amefariki na kuacha chumba kizima cha baiskeli za kale: tuuze, tugawane au tutoe?

Swali: Baba yetu alifariki miezi michache iliyopita. Sehemu kubwa ya maisha yake alikusanya baiskeli za zamani. Ameacha baiskeli thelathini na kitu, taa, kengele, beji za fremu, makopo ya gololi na vipuri, katalogi, barua alizoandikiana na wakusanyaji wenzake, na madaftari yaliyojaa nambari tusizozielewa. Mtu mmoja anataka kununua baiskeli zote kwa mkupuo, na ametuambia makaratasi tuyachome tu. Kaka yangu ameshaanza kuzisafisha ili zivutie. Mama anataka chumba chake. Mimi naona tukiuza tunamfuta baba. Tufanyeje?

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada yangu, na umfikishie mama pole zangu. Nitaanza na lile lisiloweza kusubiri. Mwombe kaka yako aache kusafisha leo hii. Yule mnunuzi mpeni jibu moja tu, kwamba familia haijaamua, wala msipokee chochote cha kutanguliza. Baiskeli iliyomaliza miaka sitini haitaharibika kwa miezi michache mtakayojipa ya kufikiri, mradi chumba ni kikavu. Kinachoweza kupotea kwa alasiri moja ni maelezo yake, na maelezo hayo yako kwenye makaratasi mliyoambiwa myachome.

Nimeshughulika na mali za wakusanyaji waliofariki kwa muda mrefu, na hasara huja kwa mpangilio uleule. Baiskeli hupona kwa sababu kila mtu anaona ni mali. Vipuri huuzwa kwa kilo. Karatasi hutupwa. Baadaye mwenye baiskeli mpya huanza kuhangaika kutafuta barua, risiti au picha ya kuthibitisha alicho nacho, na haipo tena duniani. Kwa hiyo karibu kila nitakalokuambia hapa linaelekea upande mmoja: okoeni kwanza alichokijua mzee, kisha ndipo muamue vitu viende wapi.

Baiskeli ni chombo kigumu kukitambua kuliko watu wanavyodhani. Tairi, cheni, pedeli, kiti, breki, hata foku, vyote huchakaa au hugongwa na kuwekewa vingine. Majina ya viwanda nayo yalinunuliwa na kuuzwa. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilichukua jina la Humber mwaka 1932 na kitengo cha baiskeli cha kampuni ya BSA mwaka 1957, kwa hiyo beji ya BSA kwenye baiskeli ya miaka ya 1960 haikuambii peke yake fremu ilitoka wapi.

Chukua gurudumu la nyuma. Katika thelathini na kitu hizo, kuna uwezekano mkubwa mkakuta habu (kitovu cha gurudumu) ya gia tatu ya kiwanda cha Sturmey-Archer, aina ya AW, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1936 na kuenea dunia nzima. Pitisha kitambaa kikavu juu ya ganda lake, taratibu. Utaona jina la kiwanda, herufi AW, na karibu yake tarakimu mbili, tuseme 52. Hiyo ni 1952. Wakati mwingine kuna nambari nyingine ndogo, nayo ni ya mwezi. Asiyejua atatangaza kwamba baiskeli ni ya 1952. Lakini habu hutoka na kuingia, na gurudumu zima huazimwa kutoka baiskeli nyingine, kwa hiyo nambari ile inataja umri wa habu tu. Sasa fungua daftari la mzee. Ukikuta mstari wenye nambari ndefu, kisha 52, kisha jina la mtu na alama ya kuuliza, umepata kitu ambacho hakuna mtaalamu atakayekipata kwa kutazama chuma. Gurudumu lilitoka kwa mtu fulani, na mzee mwenyewe alikuwa na shaka kama lilizaliwa na fremu hiyo. Mnunuzi makini hulipia shaka ya aina hiyo, kwa sababu ni dalili ya mkusanyaji aliyekuwa mkweli.

Hizo nambari ndefu msizozielewa, kwa uzoefu wangu, karibu zote huwa nambari za fremu. Zitafuteni chini ya fremu pale krenki inapopita, au juu kwenye kiungo cha bomba la kiti, au nyuma karibu na nati ya gurudumu. Wekeni daftari wazi pembeni, mmoja asome na mwingine aandike. Zikilingana hata tano, mmeshapata ufunguo wa madaftari yote. Kwenye baiskeli za mbio, tazameni pia gia ya nyuma. Zile za kiwanda cha Campagnolo, aina za Nuovo Record na Super Record, za miaka ya 1970 mara nyingi zina neno PATENT na tarakimu mbili za mwaka, na huenda mzee aliziandika vivyo hivyo.

Kabla ya kuhamisha kitu chochote, pigeni picha. Simu inatosha. Anzeni mlangoni, chumba kizima, kisha kila ukuta, kila rafu, kila sanduku likiwa limefungwa na tena likiwa limefunguliwa. Mkusanyaji hupanga vitu kwa akili yake mwenyewe, na mahali kitu kilipo ni sehemu ya maelezo yake. Kopo la vikombe vya gololi lililokaa chini ya fremu fulani huenda ni la fremu hiyo. Wakusanyaji wengi pia hufunga vikadi kwa waya kwenye usukani au chini ya kiti. Kama kaka yako alivitoa ili asafishe, vitafuteni hata kwenye takataka, na aandike anavyokumbuka kipi kilitoka wapi wakati bado anakumbuka. Zile alizokwisha kusafisha ziandikwe pia, na alitumia nini. Simlaumu, alitaka kuzitendea mema.

Mkishapiga picha, kila baiskeli ipewe nambari kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi. Msibandike stika wala utepe juu ya rangi, kwa sababu gundi hung'oa. Kwa kila moja, picha ya upande wa cheni (wakusanyaji huanza kutazama upande huo), picha ya beji, ya nambari ya fremu, ya habu zote mbili, na ya kila maandishi yaliyochongwa kwenye chuma. Hapo mtakuwa na orodha inayoweza kutumwa popote duniani bila kusogeza gurudumu hata moja.

Kuhusu usafi, sababu ya kusisitiza ni hii. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja. Ile mistari myembamba ya dhahabu kwenye mabomba mara nyingi ilichorwa kwa mkono, na nembo zilibandikwa juu ya rangi zikiwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Thina au petroli huziondoa kwa kupitisha kitambaa mara moja. Msasa na brashi ya waya ni vibaya zaidi. Hata ung'arishaji wa vyuma una madhara. Kromu ilianza kuenea kwenye baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla yake vyuma vilipakwa nikeli, ambayo ina rangi ya joto, ya umanjano kidogo, pale kromu inapovutia kwenye ubluu. Nikeli ni tabaka jembamba. Ukiisugua mpaka ing'ae unaiondoa, na pamoja nayo unaondoa ushahidi wa umri. Soko la leo linapendelea baiskeli yenye rangi yake ya asili iliyochakaa kuliko iliyopakwa upya ikameremeta. Vumbi litolewe kwa brashi laini, vyuma vilivyo wazi vipakwe mafuta mepesi kidogo sana, iishie hapo. Msipige msasa rangi ya zamani kwa sababu nyingine pia: nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kuna vitu viwili vya hatari ambavyo familia nyingi hazivijui. Madigadi, pampu na vishikio vya usukani vya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa seluloidi, plastiki ya zamani. Bluemels ya Uingereza ilijulikana sana kwa hizo pampu na madigadi. Seluloidi hushika moto haraka mno, na ikizeeka huoza, hupasuka na kutoa harufu kali, na mvuke wake hula chuma na karatasi zilizo karibu. Vitengeni, kwenye hewa, mbali na moto na mbali na barua. Cha pili ni taa za kabidi. Taa hizo ziliwaka kwa gesi ya asetilini inayotokea kabidi inapokutana na maji. Kama kuna kopo la kabidi lililosahaulika kabatini, msilifungue kwa majaribio na lisiguswe na unyevu. Lipelekwe kwa wanaoshughulikia kemikali hatari.

Kisha kuna swali ambalo wengi huliruka, nalo ndilo huleta ugomvi: je, kila kilichomo chumbani kilikuwa cha mzee? Wakusanyaji huazimana. Mmoja huleta habu itengenezwe, mwingine huacha fremu kwa sababu nyumbani kwake hakuna nafasi, wa tatu huazima katalogi apige nakala. Barua ndizo zitakazowaambia. Zisomeni mkitafuta mambo hayo hasa, na muwaulize rafiki zake wa karibu, kila mmoja kwa wakati wake, bila kumtajia kwanza mlichokikuta. Atakayedai kitu aeleze alama yake au tarehe alipokileta. Na ulizeni upande wa pili: nani ana kitu cha mzee? Mara nyingi baiskeli nzuri kuliko zote imelala kwa fundi au iko kwenye maonyesho mahali fulani, na hakuna mtu nyumbani anayeijua.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, kwa sababu kila nchi ina taratibu zake na mtahitaji mtu wa kwenu. Lakini msiuze chochote kabla msimamizi wa mirathi hajatambulika kisheria na kabla hamjasoma wosia kama upo. Mali hii ni ya warithi wote kwa pamoja. Mrithi mmoja akiuza kwa nia njema, anaweza kujikuta anadaiwa na wenzake. Ile orodha yenye picha ndiyo itakayowalinda nyote.

Sasa yule mnunuzi. Sisemi ni tapeli. Kuna wafanyabiashara waaminifu wanaonunua chumba kizima, na wanaondoa mzigo kwa siku moja, jambo ambalo lina thamani yake. Ila elewa hesabu yake. Katika mkusanyo wowote, thamani kubwa hulala kwenye vitu vichache, na vingine vyote ni vya kawaida. Anayenunua kwa mkupuo huwa ameshaviona vile vichache, na bei anayowapa ni ya vile vya kawaida. Na kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba amewaambia mchome karatasi. Mtu anayejua baiskeli za kale hasemi hivyo. Ama hajui, ama hataki mjue.

Tafuteni makadirio kutoka kwa watu wasiotaka kununua. Vyama vya wapenzi wa baiskeli za kale vipo kwa kazi hiyo. Veteran-Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1955, ina wajuzi wa kiwanda kimoja kimoja. Marekani kuna The Wheelmen, tangu mwaka 1967, ambao nguvu yao iko kwenye baiskeli za karne ya 19. Mtumieni mjuzi picha za nambari ya fremu, habu na beji, na muulize swali moja moja. Mkiuliza "hii ni ya bei gani?" mtapata majibu ya ovyo. Mkiuliza "hii ni ya mwaka gani, na ni kipi humu si cha kwake?" mtapata majibu ya maana, na bei itafuata yenyewe.

Vitu vichache vya juu vinafaa mnada maalumu wa baiskeli, si mnada wa samani na vyombo. Kabla ya kusaini, dalali awaambie kwa maandishi kamisheni yake, nani analipia usafiri, bima na picha, bei ya chini kabisa ambayo hatauza chini yake, na itakuwaje kitu kisipouzika. Baiskeli za kawaida huuzwa vizuri zaidi moja moja kwa watu watakaozipanda. Inachukua muda, ila kila moja inakwenda kwa mtu aliyeitaka.

Vipuri msiviuze kwa kilo. Ukikuta kopo limeandikwa 26 kwa mkono, ndani yake vikombe vya gololi vya krenki, usidhani ni takataka. Raleigh walitumia nyuzi za skrubu 26 kwa inchi mahali ambapo viwanda vingine vya Uingereza vilitumia 24, kwa hiyo kikombe cha 24 hakiingii kwenye fremu zao nyingi. Mtu anayefufua Raleigh ya zamani huweza kutafuta kikombe hicho kwa miezi. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana aliandika. Masanduku yenye maandishi yake yauzwe au yatolewe yakiwa na maandishi yake.

Umenigusa uliposema kuuza ni kumfuta. Watu wengi hukimbilia makumbusho kwa hisia hiyo, na nataka uende huko ukiwa unajua hali ilivyo. Makumbusho nyingi zina vitu vingi ghalani kuliko vinavyoonekana kwa wageni. Watakataa ambacho tayari wanacho, hata kama chenu ni kizuri zaidi. Ni nadra wapokee zawadi yenye masharti ya kuoneshwa daima au ya kutotenganishwa, kwa sababu hawawezi kuahidi hivyo kwa niaba ya watakaokuja baada yao. Ukikataliwa usione wamemdharau mzee. Tena wanaokataa kwa uwazi ni wa kuaminika kuliko wanaopokea kila kitu na kukirundika mahali penye unyevu.

Msiwapelekee ombi la kuchukua baiskeli thelathini. Wapelekeeni moja au mbili zenye historia iliyokamilika: fremu, nambari yake, ukurasa wa daftari, barua ya aliyemuuzia mzee, na picha ya mmiliki wa awali akiwa ameipanda, kama ipo. Kifurushi cha namna hiyo ni vigumu kukataliwa. Waulizeni kitahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kukitazama, na siku wasipokihitaji kitaenda wapi, je, familia itaulizwa kwanza? Majibu yaingie kwenye hati ya makabidhiano. Na amueni mapema kama mnatoa au mnaazima, kwa sababu mkopo usio na tarehe ya mwisho ni kesi mnayowaachia wajukuu.

Wakati mwingine mkusanyo mzima hubaki pamoja. Schwinn ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1895, ilifilisika mwaka 1992. Baiskeli za kihistoria za familia hiyo zilinunuliwa mwaka 1997 na zikawa msingi wa Bicycle Museum of America katika mji mdogo wa New Bremen, Ohio. Lakini ilihitaji mnunuzi mmoja mwenye uwezo mkubwa na nia ya kufungua makumbusho, na huwezi kupanga mirathi ukimtegemea mtu kama huyo ajitokeze. Mfano wa pili ndio ulio karibu zaidi na hali yenu. Mwaka 2015 nyumba ya mnada ya Dorotheum mjini Vienna iliuza mkusanyo wa msanifu majengo Michael Embacher, uliokuwa na baiskeli zaidi ya 200. Zilitawanyika kwa wanunuzi mbalimbali. Hata hivyo zilikuwa zimeshapigwa picha na kuelezwa kwa uangalifu, na mpaka leo watu hutaja baiskeli fulani kuwa ilitoka kwa Embacher. Jina limekwenda pamoja nayo kwa sababu maandishi yalitangulia mnada.

Hilo nanyi mnaliweza bila gharama kubwa. Tengenezeni kijitabu cha mkusanyo wa baba: kila baiskeli ukurasa wake, picha, nambari, na maneno yake mwenyewe kutoka kwenye daftari, pamoja na shaka zake. Kila mnunuzi apewe kijitabu chote na nakala ya barua zinazohusu baiskeli yake. Nimeona wanunuzi wakitunza kurasa kama hizo na kuzikabidhi kwa wanaofuata, kwa sababu zinaipandisha baiskeli thamani na heshima.

Karatasi za asili zisigawanywe. Barua na madaftari yakikaa pamoja huelezana, na yakitenganishwa kila kipande kinakuwa bubu. Toeni mipira na vibanio vyenye kutu, wekeni kila furushi kwenye bahasha yake kwa mpangilio uleule mlioukuta, na msitie chochote kwenye plastiki ya kugandishwa kwa moto (lamination) wala kubandika selotepu palipochanika. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini. Mkibanwa na nafasi, msianze kutupa katalogi mkidhani zimechapishwa nyingi. Kila mwaka mpya maduka yalitupa za mwaka uliopita, kwa hiyo zilizobaki ni chache. Majarida ya kawaida yaliyofungwa kwa miaka ndiyo yanayoweza kuondoka kwanza, baada ya kukagua kama mzee aliandika pembeni mwa kurasa.

Mahali pa kuyapeleka papo. Huko Uingereza kuna National Cycle Archive, inayotunzwa na Modern Records Centre katika Chuo Kikuu cha Warwick, na kumbukumbu za Raleigh ziko Nottinghamshire Archives. Chuo au maktaba ya kumbukumbu iliyo karibu nanyi nayo yafaa kuulizwa, hasa kama barua zinaonyesha maisha ya watu na biashara ya baiskeli ya eneo hilo. Jambo moja la kuzingatia: kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Picha alizopiga mzee, hakimiliki yake imekuja kwenu warithi. Mkataba wa Berne unailinda kwa kawaida angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwenye kazi, na nchi nyingi zimefikisha 70. Kwa picha za kawaida nchi inaweza kuweka muda mfupi zaidi, kwa hiyo ulizeni ya kwenu inasemaje. Barua alizoandikiwa na wengine, maneno yake ni ya waandishi wake. Mkikabidhi, andikeni wazi kama hakimiliki yenu inaenda pamoja na karatasi au inabaki.

Usisahau kompyuta na simu yake. Mkusanyaji wa miaka ya karibuni huwa na nusu ya barua zake kwenye barua pepe. Msikate laini ya simu haraka, maana namba za kuthibitisha kuingia kwenye akaunti hutumwa huko, na laini ikifungwa mlango nao umefungwa. Nakilini kila kitu kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, bila kubadilisha majina ya mafaili, hata kama yanaonekana hayana maana.

Na kuna maarifa ambayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Yuko mtu aliyemfundisha mzee kusuka spoki, na wapo aliowafundisha yeye. Wapigieni simu, warekodini wakiwa wamesimama mbele ya baiskeli moja, kwa sababu mbele ya chuma watu hukumbuka zaidi kuliko wakiwa kitini. Anzeni na mama. Aliishi na mkusanyo huo, anajua ipi ililetwa nyumbani usiku, ipi ilisababisha maneno ndani ya nyumba, na ipi mzee alikataa kuiuza hata wakati wa shida. Hizo ndizo za kuulizwa kama zibaki katika familia. Kila mrithi achague moja, kwa sababu anayoisema mwenyewe, na ikiwezekana aitumie. Baiskeli inayopandwa Jumapili moja kwa mwezi hutunzwa vizuri kuliko inayoning'inia.

Chumba cha mama kinaweza kupatikana mapema bila kuharibu kazi. Baada ya picha na kadi, hamisheni kwanza baiskeli, kwa sababu ndizo zinazojaza nafasi na ndizo zinazostahimili kuhamishwa. Zisimame kwa magurudumu yake, zisilazwe moja juu ya nyingine, tairi zitiwe upepo kidogo ili mpira usikunjike na kupasuka, na katikati ya kila mbili kuwe na blanketi au boksi lililokunjuliwa. Makopo ya vipuri yafuate, yakiwa na maandishi yake. Karatasi zihame mwisho, zikae ndani ya nyumba wanamolala watu, kamwe zisiende kwenye ghala la bati.

Zana zake zisiingie kwenye mnada mpaka muulize nani alikuwa akija kumsaidia. Spana zilizolingana na nati za zamani, kifaa cha kunyooshea rimu, na makopo yale ya 26 yana faida kidogo kwa mwenye fedha na faida kubwa kwa kijana anayeendelea kufufua baiskeli. Mpeni kwa maandishi, msimamizi wa mirathi akiidhinisha, pamoja na nakala ya madaftari, ili akikwama kwenye fremu ambayo mzee alishaipitia aweze kutazama alifanyaje.